Sekretari Aliyengoja Modeli Mpya

Nikiri mapema, kabla hamjaanza kuniamini: siku ya kwanza nilipoingia katika chumba cha yule mama, niliweka kikombe cha chai juu ya kompyuta yake.

Sikujua ni kompyuta. Kwangu mimi kompyuta ilikuwa sanduku refu linalokaa chini ya meza likinguruma kama posho mili, kama ile tuliyoonyeshwa shuleni kwa mbali, mwalimu akiwa amesimama kati yetu nayo tusije tukaigusa. Hii ya huyu mama ilikuwa kibati cha kijivu, kipana kama sahani ya chapati, kimekaa kando ya kioo kimya kabisa, kina joto kidogo juu. Nje mvua ya saa nane ilikuwa imeanza kazi yake. Nikasema moyoni, watu wa Roret wameendelea, siku hizi wanawawekea wateja mahali pa kuweka kikombe, tena pana joto.

"Wewe," akasema bila kuinua macho, vidole vikiendelea kukimbia, "toa hicho kikombe juu ya ofisi yangu."

Nikakitoa. Nikabaki nimekishika mkononi mpaka chai ikapoa, maana sikujua tena mle ndani kipi ni meza na kipi ni ofisi. Mama Chebet wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyeniuzia ile chai, alipohadithiwa alicheka mpaka akashika nguzo ya veranda. Hadi leo bado ananicheka. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikitoka, mara nyingi natoka na aibu na kurudi nayo.

Huyo mama tulimwita Sekretari. Jina alikuwa nalo, na kanisani waliliita lote bila kupunguza, lakini sokoni hakuna aliyelihitaji. Alikuwa amechapa barua katika ofisi ya shamba kubwa la chai upande wa Kericho tangu siku za mashine za kugonga, zile za utepe mweusi, na alipostaafu akakodi chumba hapa kwetu, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu TAIPU NA PRINTI, akaketi. Watu wake walikuja kutoka kule ziwani kufuata kazi ya chai kama wengi walivyokuja. Zaidi ya hapo sikuuliza. Kwetu ukianza kumuuliza mtu ukoo wake, watu wanafikiri unataka kuoa.

Kile kibati aliachiwa na mwanawe wa pekee, Fredi. Fredi alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, akacheza na watoto wa Kipsigis mpaka akawa anakisema Kipsigis vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho, akasoma, akapata njia ya kwenda Kanada. Wiki ya kusafiri alimnunulia mama yake hiyo kompyuta ndogo mjini, iliyotumika, akamfungia waya zote, akamwambia hivi, na Sekretari alikuwa akiyarudia maneno hayo kama mtu anayekariri mstari wa Biblia: "Mama, hii ni ya kukushikilia tu. Wakitoa modeli mpya nitakuletea mwenyewe, mkononi. Usinunue nyingine."

Basi hakununua nyingine. Akangoja modeli mpya.

Sasa, kampuni iliyotengeneza kibati hicho, kwa maelezo yake, ilikuwa na desturi ya kukitolea modeli mpya kila baada ya muda mfupi, kama ng'ombe mzuri anavyozaa. Fredi alipopanda ndege tu, ikakauka. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Walitoa simu mpya, walitoa saa za mkononi, walitoa vitu vya kuziba masikio. Kibati, kimya. Huko mtandaoni kuna watu ambao kazi yao ni kubashiri kampuni itatoa nini na lini, wanaongea mbio kama watangazaji wa mpira, na Sekretari alikuwa akiwasikiliza asubuhi kabla ya wateja, uso umekaza, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Kisha ananigeukia.

"Jirani, hebu na wewe angalia kwa simu yako. Imetoka?"

"Bado, Mama."

"Haya."

Kila mwaka alikuwa na mwezi wake aliouamini. "Mwezi wa tisa ndiyo wanatoaga," anasema. Ukiisha wa tisa bila kitu, ni wa kumi. Wa kumi ukiisha, "sasa wamefunga vitabu, hawa watu wako na Krismasi mapema."

Mtu asidhani alikuwa mama mvumilivu. Hapana. Sijaona mtu mwenye haraka kama yule. Alikuwa akilifokea birika lichelewalo kuchemka. Mteja akisema anakuja saa tatu akafika saa tatu na nusu, alimkuta ameshaanza kazi ya mwingine, na hata kama huyo mwingine hayupo, aling'ang'ana na kioo kitupu mpaka mchelewaji aombe msamaha. Mchungaji mmoja alichelewesha orodha ya nyimbo za mazishi, na Sekretari akachapa programu bila nyimbo, akaacha mahali peupe, akaandika hapo: "Mchungaji atawaambia." Katika dunia nzima ya watu na vitu, alikuwa na subira na kibati kimoja tu.

Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Kuna kungoja na kuna kungojeshwa. Hao wengine wananingojesha."

Sisi watu wa chai tungepaswa kumwelewa mapema. Majani yakishachumwa hayana adabu ya kungoja. Ukiyaacha yamerundikana kwenye gunia yanashika moto ndani kwa ndani, yanakuwa mekundu, na karani wa kituo cha kununulia chai anayakataa mbele ya watu. Na lori la kuyapeleka kiwandani nalo limekwama kwenye matope huko, hakuna anayejua litafika jioni au litafika kabisa. Kwa hiyo unayamwaga, unayageuza kwa mikono, unayapeperusha yapate hewa, unayageuza tena, masikio yako kwenye kona ya barabara. Mpita njia anaona mtu yuko kazini. Kumbe unangoja tu, ila unangoja kwa namna ambayo kitu chako hakiharibiki.

Sekretari alikuwa akigeuza hivyo hivyo. Kila siku alikuwa na jipya la kusema juu ya kompyuta isiyokuwepo. Leo imesikika itakuwa nyeusi. Kesho imesikika itakuwa ndogo zaidi. "Ndogo kuliko hii?" Mama Chebet anauliza. "Si itapotea kwa unga?" Na Sekretari anajibu, "Fredi haezi nunua ya kupotea."

Huo udogo ndio uliomfanya aipende, kwanza kabisa. Jioni alikuwa akichomoa nyaya, anakifunga kibati kwenye leso, anakitia kwenye kiondo, anapanda bodaboda kwenda nyumbani nacho, kwa sababu mlango wa chumba chetu kile hata mbuzi angeweza kuusukuma. Mwendesha boda alikuwa akimuuliza, "Mama, mtoto amelala?" naye anajibu, "Amelala, na wewe usimwamshe na hayo mashimo yako." Asubuhi anakifungua kutoka kwenye leso, anakipangusa, anachomeka. Kikianza kuwaka alifumba macho. Alisema anapumzisha macho. Midomo lakini ilikuwa ikitembea.

Kazi yake kubwa ilikuwa watu waliokufa. Harusi watu huchapishia Kericho mjini, lakini mazishi hayana muda wa kwenda mjini, na kwa hiyo wasifu wa karibu kila marehemu wa pande zetu, kutoka Roret mpaka mpakani kwa Ndanai, ulipita chini ya vidole vyake. Familia zinakuja na karatasi zimelowa, zimeandikwa na yule mtoto aliyefika shule ya juu zaidi, na Sekretari anasoma, anasimamisha kidole.

"Mmesema alikuwa mtu mkarimu."

"Ndiyo, Madam."

"Huyu huyu wa pale juu? Mwenye fensi ya miiba?"

Watu wanaangaliana.

"Tuandike alipenda ng'ombe wake," anasema Sekretari. "Hiyo hakuna mtu atakohoa wakisoma."

Msemo wake ulikuwa kwamba kosa la taipu ni la aliyechapa, lisiangukie aliyekufa. Angerudia ukurasa mzima kwa ajili ya herufi moja katika jina la mama wa marehemu. Lakini wanafunzi wa chuo kutoka Kabianga, waliopanda boda mpaka kwetu kwa sababu alikuwa akijua kupanga kurasa zao ndefu za utafiti, hao aliwaachia makosa yao kama yalivyo. "Hao wako hai," alisema. "Watarekebisha wenyewe."

Na chai hakuwa akinywa. Hilo lilikuwa fitina kubwa sokoni. Mtu amekaa katikati ya chai maisha yake yote, ukitazama dirishani ni chai, ukitazama nyuma ya choo ni chai, na yeye anakunywa maji ya moto yenye tangawizi. Mama Chebet alilichukulia kama matusi kwa biashara yake. "Chai nimeichapa," Sekretari alikuwa akisema. "Tani ngapi, daraja gani, meli gani. Nikiinywa nasikia kama nimeitwa kurudi ofisini."

Mimi huko nilikuwa nikifanya nini kila siku? Hilo swali hata mama yangu mzazi, alipokuwa hai, aliwahi kuniuliza kwa hasira. Nilikuwa na kidato cha nne changu, na vishina vyangu vya chai alivyoniachia baba, na siku zisizo za kuchuma nilikuwa nakwenda kuchaji simu kwa Sekretari. Simu yangu ilikuwa na chaji nyingi kuliko simu yoyote ya Bureti. Kusema kweli nilikuwa nangoja stima ipotee.

Stima ikiwepo, Sekretari alikuwa mtu wa kazi, hana hadithi. Lakini mvua ikizidi, na kwetu ni lini haizidi, chumba kinazima, na yeye anabaki vilevile, vidole juu ya kibodi, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Hapo ndipo alipokuwa akiongea. Akamleta Fredi chumbani akiwa mdogo: Fredi aliyeiba karatasi ya kaboni ofisini akajipaka uso mzima, Fredi aliyempigia meneja mzungu saluti akiwa hana suruali, Fredi aliyelia siku walipong'oa vishina vizee vya chai kwa sababu alidhani vinaumia. Mvua inapiga mabati, Mama Chebet anaingia na stuli yake na kuketi mlangoni, na sote watatu tunamsikiliza mtoto ambaye yuko ng'ambo ya bahari akipanga mizigo ghalani. Stima ikirudi, kibati kikilia kile kilio chake kimoja cha kuamka, Sekretari alijipangusa uso kwa kiganja na kusema, "Haya, nani alikuwa wa kwanza?" Mimi ndiye mtu pekee wilaya nzima niliyekuwa naombea giza saa tisa mchana.

Sasa nieleze habari ya kibuyu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Kwetu mtu akitoka safari ndefu hapokewi kwa mikono mitupu. Anapokewa kwa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Hata wakimbiaji wetu wakishuka kwenye ndege, jambo la kwanza ni hilo, midomo inakuwa na masizi mbele ya kamera. Sekretari hakuwa wa kabila letu na harufu ya mursik ilimfanya afungue dirisha. Lakini Fredi aliyapenda tangu utotoni, akinywea kwa jirani. Kwa hiyo kila mwaka, ule mwezi ulioaminika ukikaribia, Sekretari alikuwa akigonga ukuta.

"Mama Chebet! Weka kibuyu."

"Wamesema inatoka?"

"Wamesema ni lazima."

Mama Chebet anaweka. Anachoma kijiti, anasugua, anamimina maziwa, anafunga, anakiweka kwenye baridi ya nyuma ya duka. Siku zinakwenda. Mashine haikutoka, Fredi hakuja, maziwa yamekomaa mpaka yanaanza kuwaka ulimini. Mwishowe kibuyu kinafunguliwa na anayekunywa ni nani? Ni mimi. Miaka hiyo yote nimekuwa nikipokewa kutoka safari ambazo sijaenda. "Kunywa," ananiambia Mama Chebet akinimiminia, "umetoka mbali. Umetoka pale kwa kona."

Kisha mwaka mmoja ikatoka.

Niliiona kwenye simu asubuhi, nikiwa kitandani, mahali ninapopatia habari nyingi za dunia. Kibati kipya, picha ya pande zote, watangazaji wanapiga kelele. Niliruka. Sikuvaa hata gambuti. Nilikimbia na malapa kwenye tope lote lile mpaka sokoni, lapa moja likabaki njiani, sikurudi kulichukua. Nilimkuta Sekretari ameketi, kompyuta imezimwa, mikono juu ya mapaja.

"Mama! Imetoka!"

"Nimeona," akasema. "Tangu jana."

Sikumwelewa. Nilitegemea vigelegele. Mama Chebet aliyekuja kuona nani anapiga kelele alifurahi kuliko yeye, akarudi mbio kutafuta kibuyu. Na simu ikalia hapo hapo. Ilikuwa ni Fredi. Sekretari alikuwa na tabia ya kuongea na simu ikiwa mezani, sauti nje, mikono ikiwa huru, mazoea ya ofisini. Nilitaka kutoka, akaniashiria nikae.

"Mama, umesikia? Wametoa."

"Nimesikia, wuoda, mwanangu."

"Nimeshaagiza. Hata sitangoja. Kuna kampuni ya vifurushi, wanakuletea mpaka Kericho mjini, unatia sahihi tu, unachukua."

Sekretari alinyoosha leso ya kufungia kibati, akaikunja, akainyoosha tena.

"Ulisema utaileta."

"Ndiyo naileta, Mama. Hiyo si ndiyo kuileta?"

"Ulisema mkononi."

Huko kwake kulisikika mlango wa chuma ukifungwa, na watu wakiitana kwa Kiingereza. Fredi aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, wewe unajua siwezi kutoka sasa. Nikitoka hawanirudishi. Makaratasi yangu bado hayajatoka."

"Basi hata hiyo mashine bado haijatoka," akasema Sekretari.

"Mama, nimeiona kwa macho yangu. Iko dukani."

"Hiyo iko na matatizo. Wameiharakisha. Nimewasikia hao watu wa mtandao, inashika moto. Usinunue hiyo, Fredi. Ya kufuata ndiyo nzuri. Tungoje ya kufuata."

Hakuna mtu wa mtandao aliyesema inashika moto. Nilikuwa nimewasikiliza wote, nikiwa chini ya blanketi. Nafikiri na Fredi alikuwa amewasikiliza. Ila akasema, "Sawa, Mama. Tungoje ya kufuata." Na wakaongea habari za kanisa.

Hapo ndipo nilipomwelewa, mimi mzito wa kuelewa. Kwa miaka yote nilikuwa nikiamini lile "haya" lake, kila nikimwambia bado, lilikuwa la huzuni. Kumbe lilikuwa la mtu aliyeongezewa muda. Kampuni ikichelewa, mwanawe hajachelewa. Kampuni ikimaliza kazi yake, anayebaki amechelewa ni mmoja tu, na yeye hakutaka kumwita mwanawe mchelewaji, yeye ambaye hakumsamehe hata mchungaji.

Mama Chebet akatokea mlangoni, kibuyu kwapani, kijiti cha senetwet mkononi.

"Niweke?"

"Wacha kwanza," akasema Sekretari. "Ile yenyewe bado."

Kutoka hapo kile kibati kikaanza kuzeeka kwa haraka, au labda ni sisi tuliokuwa tumeacha kukitazama kama kitu cha muda. Faili za watu zikawa hazifunguki. Mteja analeta barua kwenye simu, kibati kinaitazama, kinakataa. Tovuti za serikali zikaanza kumwambia kwa adabu kwamba mashine yake ni ya zamani mno, arudi na nyingine. Ng'ambo ya barabara msichana mmoja kutoka Ndanai akafungua chumba chenye kompyuta mpya na sofa, na mtu akifikiri Sekretari angemchukia basi hamjui. Alikuwa akiwaelekeza wateja kwa mkono wake mwenyewe: "Nenda pale, mwambie Sekretari amesema akupangie pembezoni vizuri." Akabaki na wafu wake tu. Wafu hawana haja na mashine mpya.

Alikuwa bado ananiuliza kama imetoka, akimaanisha ile ya kufuata. Ila sasa aliuliza akiwa ameangalia kando.

Nilimtumia Fredi ujumbe siku moja, bila ruhusa. Nilimwandikia kwamba mama yake anazeeka na mashine inazeeka, na kwamba kati ya hao wawili sijui nani atatangulia kukataa kuwaka. Alinijibu kwa Kipsigis, maneno machache safi kuliko ninavyoweza kuandika mimi: kwamba anajua, kwamba kila siku anaangalia sanduku la barua kabla ya kuvua koti. Sikumwandikia tena. Ningemwambia nini? Huko nako kuna kitu kimechelewa kutoka.

Mara ya mwisho nilimkuta anafungasha. Baridi ya Kericho ilikuwa imemshika miguu, na shemeji zake kule ziwani walikuwa wamemtengenezea nyumba kwenye boma la marehemu mumewe, penye jua. Haikuwa siri, alikuwa amesema kanisani. Ila mimi kanisani huwa nakaa nyuma na kusinzia, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho kujua, na nilifika na chaja yangu mkononi kama mjinga. Meza ilikuwa tupu. Kibati kilikuwa tayari kimefungwa kwenye leso.

"Chaji kwa Mama Chebet," akaniambia. "Ameweka soketi."

"Unaenda na Fredi hajaja?"

"Ndege zinatua Kisumu pia."

"Lakini akija anajua ni hapa."

"Ndiyo maana uko." Akacheka kidogo. "Wewe huendi mahali. Hata mvua inakujua kwa jina. Akipita hapa utamwona, umwambie nilipo."

Nilikuwa na habari kinywani. Ile ya kufuata ilikuwa imetoka wiki hizo, ndogo kuliko zote, ya kutosha kiganjani, kama walivyobashiri. Sikujua kama anajua. Nikafungua mdomo, naye akainua kidole kimoja, kile kile cha kusimamisha familia kwenye neno la uongo.

"Usiniambie," akasema.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umeanza. Usiniambie. Mimi sijaangalia, na simu nimezima data. Nikifika nyumbani nitaangalia, siku nitakayotaka."

Nikambebea kiondo mpaka kwenye gari la shemeji yake. Kilikuwa chepesi sana. Nilimpa mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, akautazama kama karatasi iliyotoka kwenye printa vibaya kidogo lakini itafaa. "Umenywa mursik ya mwanangu nyingi," akasema. "Si mbaya. Ingeharibika." Akaingia, akafunga mlango, akamwambia dereva kwamba wamechelewa.

Chumbani kwake sasa kunauzwa mbegu za viazi. Tunaongea kwa simu mara moja moja. Anasema jua la huko linamfaa, na hasemi habari ya mashine, nami siulizi. Fredi bado. Mimi ninachaji kwa Mama Chebet, ingawa simu yangu haihitaji, na nimejikuta naketi ile stuli ya mlangoni inayotazama barabara inayotoka Kericho. Gari lenye mizigo juu likipunguza mwendo, nainuka. Mtu mrefu akishuka na begi lenye magurudumu, nainuka. Juzi nimeinuka kwa ajili ya mwanafunzi wa Kabianga, nikampungia mkono, akanipungia kwa mashaka.

Mama Chebet alikuwa akipangusa meza. Alinitazama nikiketi tena, akatupa kitambaa chake begani, akasema: "Yule mama alikuwa anangoja mtoto wake. Na wewe, mzee mzima, unangoja mtoto wa nani?"